Ukuta wa Jirani

Kazi yangu ni kukagua mizani. Nina sanduku la mawe ya shaba, kuanzia gramu moja hadi kilo kumi, na nikiingia dukani kwa mtu nayapanga, naangalia mshale, nasema ndiyo au hapana. Watu husema nina roho ngumu. Si kweli. Ila nikikutana na jambo lisilopimika, usingizi huniruka.

Ndiyo maana kadi za mdogo wangu zilininyima raha.

Mdogo wangu ni fundi viatu. Kila Jumamosi saa nane mchana hufunga karakana, na watu wazima na akili zao wanajifungia naye chumba cha nyuma kucheza kadi zenye picha za mazimwi na ngome mpaka jioni. Si karata za kawaida, zile za kopa na shupaza. Hizi kila mtu hununua zake, pakiti kwa pakiti, duka la vifaa vya shule. Wanabadilishana, kisha kila mmoja anachagua sitini na kujiundia fungu lake. Kadi nyingine zinapiga, nyingine zinalinda. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: mle ndani kuna nini?

Na nilikuwa na sababu yangu. Utotoni tulicheza drafti kwa vizibo vya soda, na nilimfunga mara arubaini na moja mfululizo. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nachora mistari nyuma ya mlango. Baada ya mara ya arubaini na moja, akiwa na miaka tisa, alikusanya vizibo vyake akasema, "Dada, mimi na wewe basi." Nikadhani ni hasira za siku moja. Leo ana miaka thelathini na sita na hajawahi kucheza nami kitu chochote tena. Tunakutana harusini na msibani, tunajuliana hali, kila mtu anashika njia yake. Nilikuwa nimemkosa mdogo wangu, na anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu.

Basi niliposikia kwamba mwenzao wa nne amehamishwa kikazi na kiti kiko wazi, nilikitaka kiti kile. Nikampigia simu kabla aibu haijaniwahi.

"Dada, ni mchezo wa kupotezea wakati tu," alisema.

"Wakati ninao."

Nilisikia nyundo yake ikigonga mara mbili tatu. "Haya, njoo."

Nilijiandaa siku nne. Mtandaoni nilikuta mashindano, yote ya watu wawili wawili, ana kwa ana, na mabingwa wakieleza ubora wa kila kadi kwa takwimu. Nikajiona nimefika nyumbani. Niliagiza fungu la bingwa mmoja kama lilivyo, kadi zote sitini, nikalikariri.

Chumba cha nyuma kilinuka gundi na ngozi. Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Nilimkuta mwokaji mmoja mnene, mcheshi, wanayemwita Hamira, na mwuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mwembamba aliyekuwa bado na saa ya kazini kifuani. Mdogo wangu naye pale ana jina lake: Soli. Nilikuja na biskuti, akazirudisha mkobani mwangu.

"Mgeni haleti kitu," alisema. "Sukari, majani, maziwa, ni vya wenyeji, kwa zamu."

"Mgeni siku mbili!" alisema Hamira huku akinisogezea kiti, na wote wakacheka.

Wakanieleza taratibu. Kila mtu anapewa misumari ya viatu thelathini ndani ya kifuniko cha kopo la rangi. Ukipigwa, unatoa misumari. Ikikuishia, umetoka. Anayetoka wa kwanza anachemsha chai ya wote, na malipo yake ni kuzunguka nyuma ya wenzake na kuona kadi za kila mtu, mradi asifungue mdomo.

Kabla hatujaanza niliomba kuliona fungu la mdogo wangu. Nikalipekua kama ninavyopekua duka la mtu ninayemshuku. Nilisimama kwenye kadi moja yenye picha ya ukuta mfupi wa matofali, mtu akichungulia kutoka upande wa pili. Iliitwa Ukuta wa Jirani. Maandishi yake yalisema: Zuia pigo moja analopigwa mchezaji mwingine. Huwezi kuitumia kujilinda mwenyewe.

"Hii itoe," nilimwambia. "Mchezaji mwingine si ndiye adui yako? Nani anamlinda adui?"

Aliichukua taratibu akairudisha katikati ya fungu. "Kuna siku inahitajika," alisema.

Tukaanza. Raundi tatu nzima hakuna aliyenigusa. Walipigana wenyewe kwa wenyewe, na midomo haikutulia. "Mwuguzi, usinipige sasa hivi, nami nitakushughulikia huyu Soli." "Wewe Hamira ahadi zako ni kama mikate yako, zina hewa nyingi." Wakipatana, wakigeukana, wakizozana juu ya jambo lililotokea mwezi uliopita. Nikawahurumia. Hawajui kucheza, nilijisemea, na huku nazipanga kadi zangu bila bughudha.

Raundi ya nne nilitazama nani dhaifu. Mdogo wangu alikuwa amebakiza misumari kumi na mmoja. Nikamtoa. Alicheka kidogo, akaenda kubandika birika. Raundi hiyohiyo nikamvunja Hamira, na iliyofuata nikammaliza mwuguzi. Mdogo wangu alitokeza na kopo la sukari mkononi, maji bado hayajachemka.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari," nikasema, nimejaa furaha.

Hakuna aliyekasirika. Laiti wangekasirika! Hamira alisema, "Hongera, Mkaguzi." Mwuguzi alizipanga kadi zake kisandukuni moja moja, akaitazama saa ya kifuani, akasema amekumbuka kuna nguo ameziloweka. Saa tisa haijafika nikawa nje, na ile chai hatukuinywa.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alinijibu simu kwa upole. "Leo hatuchezi, dada." Mchana nilipita pale, sina safari yoyote ya upande ule, nikasikia vicheko vyao kupitia dirisha la nyuma. Iliniuma. Nilikwenda zangu nyumbani nikalitazama lile fungu la bingwa, kila kadi na thamani yake, na sikuona kosa langu lilipo.

Bahati nzuri, wiki ile mizani ya Hamira ilikuwa imefika tarehe ya kukaguliwa. Nilimkuta na unga hadi kwenye kope. Nikapanga mawe yangu, mshale ukatulia, nikamwuliza bila kuzunguka, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Kanuni zote ulifuata."

"Basi mbona hamnitaki?"

Aliliacha donge la unga, akafuta mikono. "Raundi tatu za kwanza, nani alikupiga?"

"Hakuna. Mlikuwa mnacheza ovyo."

"Mgeni hapigwi raundi tatu," alisema. "Ndiyo desturi yetu. Tunampa nafasi azoee kiti."

Nilikuwa nimeshika jiwe la kilo tano. Nikaliweka chini.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," Hamira aliendelea, na sasa alikuwa anacheka. "Wewe umekuja, wenyeji tumekufa hata chai hatujanywa. Na ukaanza na Soli! Yule alikuwa na nafasi ya kukupiga raundi ya nne, kabla zamu yako haijafika. Mimi nilimwona. Akapitisha."

Hilo sikuliona kabisa. Nilikuwa nahesabu misumari yake.

"Niambie kitu kimoja," nilisema. "Wiki kabla sijaja, nani alishinda?"

Alijikuna kidevu, unga ukamganda. Alifikiri, akakisia mwuguzi, akajikana mwenyewe. Hakukumbuka. Lakini alinisimulia kwa dakika kumi jinsi mwuguzi alivyobakiwa na msumari mmoja akaishi raundi sita kwa kumwahidi kila mtu ahadi ileile kwa siri, na siri ilipofichuka Soli alicheka mpaka akaanguka na kigoda chake.

"Mdogo wangu alicheka mpaka akaanguka?"

"Huyo? Hiyo ni kawaida yake."

Miaka ishirini na saba sijamsikia akicheka hivyo. Mizani ilikuwa sawa kwa gramu. Nikabandika stika yangu, nikatoka.

Kesho yake nilimpelekea mdogo wangu kiatu. Alikigeuza, akakikunja soli, akakigonga kisigino.

"Dada, hiki kizima."

"Najua. Nataka kurudi mezani."

Alikiweka kiatu chini, akakaa anakitazama hicho kiatu badala ya kunitazama mimi. "Ukija, uje na kadi ulizozichagua wewe. Za huyo bingwa wako ziache nyumbani. Na safari hii hatukulei."

Nikaenda duka la vifaa vya shule, nikanunua sanduku la kadi mchanganyiko, zile ambazo watu wamezitupa kwa udhaifu wake. Nilizimwaga sakafuni sebuleni, nikakaa katikati yake. Palikuwa na mbuzi anayekula kadi za jirani. Palikuwa na mganga anayemponya kila mtu mezani, maadui pamoja. Palikuwa na kadi inayowalazimisha wote kupiga kura. Kila moja nilijiuliza, hii ina faida gani? Kisha nikaanza kujiuliza, hii ikitua mezani Hamira atasema nini? Nilishtukia nacheka peke yangu, na wali umeungua jikoni.

Jumamosi ilipofika, raundi ya kwanza tu walinishukia wote watatu. "Leo mkaguzi anakaguliwa!" alipiga kelele Hamira. Mbuzi wangu alikula kadi mbili za mwuguzi, akatukanwa matusi ya heshima, akauawa. Mganga wangu aliwaponya wote wakanishukuru, kisha wakanipiga tena. Nilikuwa nashindwa vibaya na sikuwa na dakika ya kuchoka. Hadi raundi ya sita nilikuwa na misumari minne, na mwuguzi akasukuma mbele Kiboko wa Shaba, anayeondoa misumari sita kwa pigo moja.

Nilitazama kadi mkononi. Hakuna ya kunisaidia. Katika drafti hapo ndipo mtu anakubali, mnapanga vizibo upya. Lakini hapa wote walikuwa wananitazama, wanasubiri niseme kitu, maana hapa mtu husema. Nikaelewa nini kinatakiwa. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwomba mdogo wangu kitu. Nilimpa ada ya shule, nilimpa ushauri ambao hakuuomba, nilimpa vipigo arubaini na moja.

"Nisaidie," nilisema.

"Umesemaje?" Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nisaidie, mdogo wangu."

"Utanipa nini?"

"Sina kitu." Nikamgeuzia kadi zangu aone. Hamira aliziba mdomo kwa kiganja.

Mdogo wangu alizitazama, akanitazama mimi usoni, muda mrefu kuliko alivyowahi katika misiba yote tuliyokutana. Kisha akachomoa kadi akaiweka mbele yangu, katikati ya kiboko na misumari yangu minne. Ukuta wa Jirani.

"Ah, Soli!" alilia mwuguzi. "Damu nzito hii!"

Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Hiyo furaha ilidumu zamu moja. Hamira alifuata, akanielekezea kadi yake ya mishale mitano, na mimi nikajiambia nimeshaomba mara moja, inatosha, mtu mzima haombi mara mbili. Nikamwaga misumari yangu mezani na kuinuka. Nilikuwa wa kwanza kutoka.

Nikabandika birika. Maji yalichemka vizuri, nikatia majani, nikatia maziwa, mezani bado wanabishana. Nilimimina ya Hamira, nikaziona kadi zake, mbaya tupu, na uso mkavu kama hakimu. Nilimimina ya mwuguzi. Nikafika nyuma ya mdogo wangu.

Mkononi alikuwa na kadi tatu. Mbili kati yake zilikuwa Ukuta wa Jirani.

Zote mbili mdogo wangu alikuwa nazo wakati Hamira ananipiga. Na kwa jinsi kiboko alivyokuwa akimtazama, zisingemfaa yeye kwa lolote. Ni mtu wa namna gani anayebeba kuta tatu na hata moja si yake? Nilimjua miaka yote mtu huyu. Mbele ya vizibo vya drafti, tukiwa wawili tu, hakuwa na pa kuziweka kuta hizo.

Chai ilifika ukingoni mwa kikombe ikamwagika kwenye sahani. Sikusema neno, kwa sababu aliyetoka hasemi.

Yeye hakugeuka. Alivuta kikombe chake akanywa kidogo.

"Hukuomba, dada," alisema.

Kiboko alimkanyaga raundi iliyofuata. Alicheka, kigoda kikayumba, nikakishika kwa nyuma. Nani alishinda siku ile, sikumbuki vizuri. Nadhani ni Hamira. Tulipokuwa tunaokota misumari sakafuni, mwuguzi aliuliza Jumamosi ijayo zamu ya maziwa ni ya nani.

"Ya dada," alisema mdogo wangu.