Mama-Mukwe Ndani ya Kabine

Shofere Magloire alikuwa na shida ya freni mbili, ya kamio na ya mdomo. Ya kamio ilishika ukiikanyaga na kuikanyaga tena. Ya mdomo haikushika hata kidogo.

Tangu Lubumbashi, mama Georgette, akirudi kwake Likasi, alikuwa amebanwa katikati ya kabine, kati ya shofere na mchuuzi wa mawese aliyekuwa akisali rozari macho yamefumbwa. Mahali pale alipewa kwa heshima ya mvi zake. Binti yake Joëlle alikuwa nyuma, juu kabisa ya magunia ya bunga ya mahindi, mtoto mchanga mgongoni, akijishikiza kwa kamba tu. Miaka ile treni ilikuja siku ikipenda, mishahara ya kompani ya migodi haikuja kabisa, basi watu walipanda chochote chenye magurudumu.

Karibu na njia ya Buluo, kamio nyekundu ya Barnabé, shofere mwenzake, ikawapita. Barnabé akatoa mkono dirishani, akawapungia kama askofu.

"Huyu afike soko ya Likasi mbele yangu?" Magloire akasema. "Haiwezekani."

Akakanyaga. Kamio ikaruka shimo, ikalala upande, ikainuka. Watu wa juu wakapiga bati la kabine kwa viganja. Magloire naye akalipiga kwa ngumi kutoka chini. "Munyamaze kule. Magunia haisemi, na ninyi musiseme."

"Tata, mutoto yangu iko kule juu," mama Georgette akasema. "Iko na katoto ku mugongo."

"Mama, kama unaogopa, shuka. Miguu uko nayo."

Mbele yao mtu wa baiskeli, mzigo wa makala, makaa ya kupikia, umemzidi kimo, aliona kioo cha kamio kinakuja usoni pake, akajitupa majanini na makala yake. Magloire akacheka. Juu, mtoto akaanza kulia, na mama Georgette akaisikia sauti ile ikipanda na kukatika kila shimo.

Kumwomba hakukusaidia. Basi akalainisha sauti, kama msafiri anayefupisha njia kwa maneno.

"Kuendesha hivi, weye hauko mutu wa Bukama."

"Minye ni wa Kabongo. Bibi yangu, mama ya watoto yangu, njo wa kule chini, Kinkondja."

"Kinkondja. Bibi yako ni nani?"

"Orpha."

"Orpha wa Kinkondja. Ule mama yake ni…" Akaliacha neno lining'inie, akakuna shavu.

"Alphonsine. Unamujua?"

Sasa walikuwa ubavuni mwa Barnabé, upande usio wao. Kilima kilikuwa kinaisha na mbele kulikuwa na kona iliyofichwa na majani marefu. Mchuuzi aliacha rozari, akashika mlango.

"Nisimujue mudogo yangu?" mama Georgette akasema. "Tumbo moja, ziwa moja."

Magloire akageuza shingo, kisha akairudisha haraka. "Alphonsine hakuniambia iko na dada mukubwa Likasi."

"Hakukuambia? Kumbe weye unakaa na mama-mukwe wako, munaongea?"

Magloire akakaza macho njiani. Kwao, mwanaume akikutana na mama wa mke wake huiacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Hamtazami usoni, hapigi naye soga. Dada ya mama-mukwe ni mama-mukwe vilevile. Na bega la Magloire lilikuwa limesugua bega la huyu tangu Lubumbashi.

"Siongeaka naye, mama," akasema, sauti ndogo.

Shimo likamrusha mama Georgette tena upande wa shofere. Akajikunja mlangoni kama aliyeunguzwa, na mguu ukaacha kukanyaga. Kamio ikarudi nyuma ya Barnabé, upande wake, taratibu. Kwenye kona ikatokea kamio ya mawe, klaksoni inalia, ikapita kwa kishindo mahali pale pale walipokuwa wanataka kwenda. Vumbi likajaa kabineni.

Magloire akasimamisha kamio. Akashuka, akasimama majanini, mgongo kwao.

"Unisamehe, mama. Sikujua."

"Tutasemea ile ku nyumba," mama Georgette akajibu. "Papa wa mawese akae katikati. Minye nitakaa ku mulango. Na dada ya bibi yako atoke kule juu, aingie na mutoto."

Likafanyika. Waliingia Likasi polepole hata baiskeli za makala zikawapita, na mwendeshaji mmoja akamwita Magloire konokono. Magloire akaangalia njia tu, akimwambia Joëlle kwamba Orpha atampelekea Alphonsine salamu zao.

Joëlle, mtoto amelala kifuani, akamwinamia mama yake sikioni.

"Mama, eti Alphonsine ni nani?"

"Nyamaza," mama Georgette akasema. "Mukwe wetu anaendesha."