Kiroba Ndani ya Bomba

Fundi Isdori alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kukosea. Akijenga ukuta ukapinda, kosa ni la udongo wa huku Pito. Paa likivuja, ni hawa wauza bati wa siku hizi, hawana dini. Kwa hiyo Albina, mjane ambaye yeye alimjengea nyumba miaka minne iliyopita, alipompigia simu asubuhi kwamba chumba cha chini kimejaa maji ya chooni, Isdori alibeba sururu na beleshi akiwa ameshajua kuwa mwenye kosa ni mtu mwingine.

Chumba chenyewe kilichimbwa ndani ya mteremko, chini ya sebule, kwa sababu kiwanja kilikuwa kimeinama na Albina hakutaka kipande kipotee bure. Mpangaji wake alikuwa Scola, binti kutoka Kipili, kule ziwani, aliyeshona sare za shule humo humo alimolala. Miaka mitatu walikaa bila kukwaruzana. Jumapili wakienda kanisani, wasiowafahamu walidhani ni mama na mwanawe. Sasa mvua ya Februari ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na maji machafu yakarudi juu kupitia tundu la bafu mpaka yakafika magotini.

Isdori alimkuta Scola anachota maji kwa ndoo na kuyamwaga nje. Vitambaa vya sare vilikuwa vimetandazwa uani, havitamaniki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Umetupa nini kwenye bomba?"

Aliuliza hivyo hivyo, kama anavyouliza kila mahali. Scola akainamisha kichwa. Akasema siku ya kipaimara cha mjukuu wa Albina, yeye ndiye aliyeosha mapipa ya togwa, na kwa uchovu alimwaga ndoo moja ya machicha bafuni.

Albina alikuwa mlangoni, sweta limefungwa hadi shingoni. "Ndoo nzima ya machicha," alisema. "Ndani ya nyumba yangu."

Isdori akaenda kufukua. Mfumo aliujenga kwa mikono yake: uchafu unatuama shimo la kwanza, maji yanapita kwenye bomba hadi shimo la pili, huko ardhi inayanywa. Shimo la kwanza lilikuwa limefurika. La pili, alipofunua mfuniko, lilikuwa karibu tupu. Basi kizuizi kilikuwa kwenye bomba la katikati. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye bomba hadi begani, akagusa kitu, akavuta. Kikatoka kiroba cha saruji kilichosokotwa.

Alikitambua. Bomba likishalazwa, fundi huziba mdomo wake kwa kiroba ili mchanga usiingie, na siku ya kumaliza hukitoa. Siku ile ya kumaliza Isdori alikuwa na haraka ya kwenda Namanyere kwenye kazi nyingine. Miaka minne maji yalikuwa yakijipenyeza pembeni mwa kiroba, mpaka tope likaziba kabisa. Machicha ya Scola yalikuwa yametuama shimo la kwanza, hayana habari na mtu.

Maji yakaanza kukimbia kwa kelele. Albina akaja. "Kulikuwa na nini?"

Isdori alikuwa ameshakisukuma kiroba kwa mguu nyuma ya kifusi. Angeweza kusema. Maneno matatu yangetosha, na mama yule si mtu wa kumla mtu.

"Uchafu tu," akasema.

Si uongo, alijiambia. Lakini neno lile Albina alilibeba mpaka chumbani, na Isdori alisikia jinsi lilivyogeuka njiani. "Fundi ameutoa uchafu wako," alimwambia Scola. "Miaka yote naishi na mtu mchafu nisijue. Tafuta pa kwenda."

Scola hakujitetea. Alipiga magoti kwenye tope, akapiga makofi taratibu kama alivyofundishwa kwao, akaomba msamaha. Albina akageuka akapanda ngazi. Mchana huo huo Scola alifunga virago, na Isdori ndiye aliyemsaidia kupakia cherehani kwenye bodaboda. Aibu iliyoje, alishukuriwa hata kwa hilo.

Kazi iliyofuata aliifanya kama mtu anayetubu. Alikwangua tope. Alichoma godoro na vitambaa vilivyooza, akatupia na kiroba juu yake kikayeyuka. Kisha akabandua plasta yote iliyonywa maji. Kwenye plasta ile Scola alikuwa ameandika vipimo vya watoto kwa penseli. "Edith, mkono mmoja mrefu," iliandikwa mahali, na Isdori alisimama na nyundo yake kwa muda kabla ya kupiga. Akaosha kuta kwa klorini, akawasha jiko la mkaa kutwa kwa siku nne, maana kwa baridi ya Sumbawanga ukuta haukauki wenyewe. Akapiga plasta mpya, akapaka chokaa.

Siku ya mwisho Albina alishuka na chai, akakaa kwenye ngazi, akatazama weupe wa kuta.

"Kimependeza," alisema. "Mpaka leo nasonga ugali wa watu wawili, fundi. Mkono umezoea."

"Mama," Isdori alisema, "kosa lilikuwa langu."

Hakuwahi kuyatamka maneno hayo tangu azaliwe, na yalimtoka kwa shida. Alieleza yote. Albina alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Scola alipiga magoti mbele ya macho yako."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwita mchafu, wewe unasikia." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa, akamkabidhi. "Mwambie mwenyewe."

Scola alipokea kutoka Kipili, akamwamkia. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Una roho nzuri sana, baba," alisema.

"Si roho nzuri, mwanangu. Ndiyo kweli."

"Umenihurumia. Lakini ndoo niliimwaga mimi, na uchafu uliutoa wewe, nilikusikia ukimwambia mama. Hicho kiroba, mama amekiona?"

Albina alimtazama Isdori, yeye pia akilisubiri jibu.

"Nilikichoma," Isdori alisema.

Sauti ya Scola ilikuwa ya upole, ya kumbembeleza.

"Basi usijisumbue, baba. Nimeshajirekebisha. Hapa kwa dada bafu lipo, ila siligusi. Naogea beseni nyuma ya nyumba, maji nayabeba kwenda kumwaga mbali."