Maji Mlangoni kwa Bi Nishimura

Jumamosi ile asubuhi sikuwa nimemaliza hata nusu ya ndoo, Kalpana akatoka na ufagio.

Kalpana ni jirani yangu wa mlango wa pili, ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu hapa Kilburn. Alizaliwa Mwanza, akaolewa London, na hajawahi kuniona nikifanya kazi akatulia. Nilikuwa nimeinama kwenye ile baraza ndefu ya zege tunayopita wote, nanyunyiza maji kwa kata, taratibu, kuanzia mlangoni kwangu kwenda kwenye ngazi. Yeye akakunja sari yake kiunoni, akaanza kufagia nyuma yangu. Maji yote niliyonyunyiza akayasukumia kwenye mfereji.

"Dada Kalpana, acha bwana!"

"Wewe nyunyiza tu dada, mimi nafagia. Vumbi mwaka huu si mchezo."

"Sifagii. Napoza."

"Unapoza nini?"

"Baraza."

Akanitazama kama mtu anayefikiria ampigie nani simu. Sikumlaumu. Kiangazi cha mwaka jana, joto lilipopanda, ni yeye aliyenikuta nimezimia jikoni, na ni yeye aliyempigia mwanangu Protas. Lakini uso wake na ule ufagio vilinichekesha mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Kosa hilihili nililifanya mimi, miaka thelathini iliyopita, katika mji wa Kyoto, Japani.

Mume wangu, Deus, alipata nafasi ya kusomea mambo ya udongo kule, akanichukua tukiwa na miezi michache tu ya ndoa. Sisi ni watu wa Bukoba, kwetu hakuna joto la kumtisha mtu. Joto la Kyoto halikuwa na adabu. Mji umekaa katikati ya milima, upepo haupiti, na jasho ukilifuta linarudi kabla hujashusha leso. Siku yangu ya tatu mtaani nikamwona mwenye nyumba wetu, Bi Nishimura, bibi wa umbo dogo, miaka sabini na ushei, ametoka na ndoo ya mbao na kata ya mpini mrefu, ananyunyiza maji mbele ya mlango. Mimi nimelelewa vizuri. Mtu mzima akinyunyiza maji nje, anataka kufagia bila kutimua vumbi, na binti mwenye akili hasubiri kutumwa. Nikachukua ufagio uliokuwa ukutani nikafagia mtaa mzima, mpaka ukakauka.

Bi Nishimura akainama kunishukuru, akanyunyiza tena. Nikafagia tena. Akanyunyiza mara ya tatu, safari hii akinitazama kwa wasiwasi, na mimi nikasema moyoni, huyu bibi ana uchafu wake anaouona peke yake. Deus aliporudi kutoka chuoni alitukuta wote wawili tumelowa jasho, hakuna anayetaka kushindwa. Akamsikiliza bibi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Placida," akaniambia, "maji ndiyo kazi yenyewe. Yakikauka polepole yanaondoka na joto. Wewe unamharibia."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bi Nishimura alipoelewa, alicheka kuliko Deus, akanishika mkono, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu wa joto.

Hayo yote nilimweleza Kalpana pale kwenye ngazi. Akauliza kwa nini nayakumbuka leo. Nikamwambia ukweli: leo saa nane mchana Protas anakuja kunihamisha.

Baada ya kuzimia kwangu, Protas alisema siwezi kuendelea kukaa peke yangu chini ya paa la bapa linalochemka. Ana fleti yake Croydon, kwenye mnara mpya, yenye mashine ya kupoza hewa. Anataka nikakae huko moja kwa moja. Tumebishana mwaka mzima. Mimi nimekuwa nesi miaka ishirini na mitano, najua mwili wangu, na nilizimia kwa sababu ya ujinga wa kupika ndizi na nyama mchana wa joto bila kunywa maji. Zaidi ya hapo, Deus alifia katika nyumba hii. Kiti chake kipo dirishani. Asubuhi nikiamka nakisalimia, na sijali nani ananiona chizi. Nikienda Croydon nitamsalimia nani, lifti?

Mwishowe tukakubaliana. Siku ya kwanza ya joto kali mwaka huu, atakuja na kipimajoto chake. Nyumba ikizidi digrii ishirini na nane, nafunga mizigo bila neno. Redio ilikuwa imesema nje joto litafika thelathini na nne.

"Sasa unangoja nini?" Kalpana akasema, akatupa ufagio. "Nipe kata."

Tulifanya kazi kama wali wa shughuli unasubiriwa. Madirisha nilikuwa nimeyafungua alfajiri, sasa tukayafunga yote kabla jua halijageuka upande wetu. Bi Nishimura alikuwa akitundika mapazia ya matete nje ya dirisha, si ndani, kwa sababu, alisema, jua likishaingia ndani limeshakuwa mgeni wako na huwezi kumfukuza. Matete sikuwa nayo. Nilikuwa na mikeka minne ya ukili niliyoletewa na wifi, nikaining'iniza nje kwa kamba za kuanikia nguo, tukaimwagia maji. Kutoka barabarani jengo letu lilionekana kama lina duka la mikeka. Surjit wa ghorofa ya pili akapiga kelele kutoka chini akiuliza bei.

Shayiri nilikuwa nimeikaanga usiku wa kuamkia Ijumaa kwenye kikaango kikavu mpaka ikawa na rangi ya kahawa, nikaichemsha, nikaiweka kwenye friji. Chai hiyo ya baridi isiyo na sukari ndiyo kinywaji cha kiangazi cha Kyoto. Deus aliichukia wiki ya kwanza, akasema ina ladha ya sufuria iliyoungua. Wiki ya pili alikuwa anaimaliza kabla yangu. Tikiti maji nikalilaza kwenye beseni la maji ya baridi. Kisha nikatundika kwenye dirisha la jikoni kengele ndogo ya kioo, ile inayolia ikiguswa na upepo kidogo. Tulipopewa na Bi Nishimura, Deus alimuuliza kwa heshima zote kengele inapozaje mtu. Bibi akamjibu kwamba ukiisikia, unajua upepo upo, na mwili ukijua hivyo unaacha kulalamika. Deus alikuwa mtu wa sayansi, akatikisa kichwa. Lakini usiku ule nilimwona amelala chali kwenye mkeka, mkono kwenye kifua, anaisubiri ilie.

Nilivimiss vile viangazi, jamani. Nasema wazi. Hatukuwa na kitu. Chumba kimoja, feni moja iliyokuwa inageuza shingo kwa mlio, na mtoto aliyezaliwa kule mwaka uliofuata, Protas, mwenye vipele vya joto shingoni. Jioni tulikuwa tunamvalisha kijikimono chepesi cha pamba alichoshonewa na Bi Nishimura, tunashuka mtoni. Mji mzima unakuwa pale: wanafunzi, wazee, wapenzi wamekaa ukingoni wamepeana nafasi sawasawa kama waliopimiwa. Deus anakunja suruali, anaingia majini hadi magotini na mtoto mabegani, anaimba Kihaya kwa sauti, na Wajapani wanamtazama kwa adabu wakijifanya hawamtazami. Tukirudi tunanunua barafu iliyoparuzwa, imerundikwa kwenye bakuli na kumiminiwa sharubati ya kijani. Deus alikuwa anaila kwa pupa. Kila jioni inampanda kichwani, anashika paji la uso anagumia, na kila jioni anasema kesho ataila polepole.

Hakuna siku aliyoila polepole.

Saa nane kamili Protas akabisha hodi. Ana miaka ishirini na tisa sasa, mrefu kama baba yake. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Mkononi kipimajoto, na begani begi kubwa tupu la kubebea nguo zangu. Lile begi liliniudhi kuliko kila kitu.

"Shikamoo Mama. Oh my God, the train was a joke."

"Marahaba. Vua viatu."

Akaingia. Akasimama katikati ya sebule ile ya kivulivuli, nikaona mabega yake yakishuka. Akaweka kipimajoto juu ya meza, mimi nikakaa kwenye kochi na kujipepea taratibu kwa upepeo wa karatasi, nikijifanya sina haraka. Moyo ulikuwa unanidunda, nesi mzima. Kalpana alikuwa jikoni anajifanya anakata tikiti.

"Twenty-six," akasema Protas.

Kalpana akapiga kigelegele huko jikoni. Mimi nikasema Mungu mkubwa, halafu nikasema na mengine mengi ambayo mama hapaswi kumwambia mwanaye aliyeshindwa, kuhusu watoto wa siku hizi na minara yao ya vioo. Nilijidai, sikatai. Kalpana alipomaliza kufurahi akaenda kwake kupumzika, akatuachia tikiti.

Nikamwekea Protas beseni la maji ya baridi. Akatumbukiza miguu, akanywa chai ya shayiri glasi mbili bila kupumua. "This tastes like…" akaanza, akanyamaza. Nikamuuliza kama nini. Akatikisa kichwa. Dakika chache baadaye alikuwa amejinyoosha sakafuni, mkono kwenye kifua, usingizi umemchukua.

Nikakaa kumpepea. Sijui kwa muda gani. Kwa karibu hivyo niliona vitu ambavyo kwenye simu ya video havionekani. Alikuwa amekonda. Ukosi wa shati ulikuwa na alama ya jasho la siku mbili tatu. Mkewe, Kavita, aliondoka mwezi wa tatu. Waliachana bila ugomvi, Protas akaniambia kwa simu yuko sawa, kazi ni nyingi, nisiwe na wasiwasi. Mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na vita yangu ya kutohama.

Alipoamka jua lilikuwa limelegea. Nilikuwa nimefungua madirisha, hewa inapita. Akakaa, akajifuta uso.

"Fine," akasema. "You win, Mama."

"Najua. Beba begi lako urudi nalo."

Hakucheka. Alikuwa anaangalia maji kwenye beseni.

"Nilishapaka rangi chumba chako," akasema. Kwa Kiswahili. Mwanangu ananisikia Kiswahili tangu tumboni, lakini tangu aanze shule London ananijibu Kiingereza, nami nilishazoea. "Nilinunua na kitanda. Nilijua utashindwa."

"Pole. Kipe kazi nyingine."

"Mama." Akatafuta maneno, nikaona yanavyomsumbua. "Si joto. Tangu Kavita aondoke, joto nalisema tu. Ijumaa nikitoka kazini nafunga mlango, siongei na mtu mpaka Jumatatu. Nikifungua mdomo Jumatatu sauti haitoki vizuri. Nilifikiri ukija… mtu atakuwa ndani."

Upepeo ulinisimama mkononi. Mwaka mzima nilikuwa namwona kama askari aliyetumwa kunitoa kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mikeka na ndoo na hoja za kinesi, nimemshinda mbele ya jirani, nimemcheka. Na kumbe mtoto alikuwa anabisha hodi. Niliona uchungu ambao siwezi kuueleza, na nilimpenda pale kama siku waliyomweka mikononi mwangu.

Sikumwambia pole. Pole ingemfanya aseme yuko sawa. Nilikwenda chumbani nikatoa shuka mbili na mto, nikavitupa kwenye kochi.

"Kesho tunakwenda Croydon kuchukua nguo zako," nikamwambia. "Kazini utakwenda kwa treni, ipo moja hapo West Hampstead inayokufikisha bila kubadili. Kwa joto hili siwezi kukuacha kwenye kile kioo. Utakaa hapa mpaka liishe."

Akanitazama. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na alikuwa anajaribu kutabasamu.

"Na likiisha?"

Jikoni redio ilikuwa inaongea peke yake, inasema mvua itaingia London Jumatatu alfajiri na kwamba kufikia jioni watu watahitaji makoti. Tuliisikia wote wawili.

"Mwaka huu," nikasema, "halitaisha."