Harusi ya Nice kwenye Televisheni ya Mwenyekiti

Jumapili baada ya misa, mzee Theonest, mwenyekiti wa kitongoji huko Murusagamba, aliwaita majirani waje kutazama harusi ya binti yake Nice, aliyeolewa Mwanza. Video ilikuwa kwenye simu. Televisheni ilikuwa mpya, bado ina nailoni yake kwenye kioo, maana mwenyekiti alisema nailoni ikitoka na heshima inatoka. Fundi Elick alikuja kutoka Lusahunga kuunganisha simu na televisheni, na Clotilda, mke wa mwenyekiti, akagawa pombe ya ndizi.

Elick alichomeka waya. Kwenye simu Nice alikuwa anakata keki. Kwenye televisheni alionekana mwenyekiti mwenyewe, kavaa gambuti, anang'oa miti ya mpaka kati ya shamba lake na la Domisiana, mjane wa jirani, na kuipanda upya katikati ya maharage ya mjane huyo.

"Waya mbovu huo," alisema mwenyekiti.

Elick akauchomoa, akaiweka simu na televisheni kwenye Wi-Fi moja. Picha ikaja safi zaidi. Sasa hata kengele ya kanisa ilisikika kwa mbali, na watu wakaikumbuka siku yenyewe: ile Jumapili ambayo mwenyekiti hakuja misani kwa sababu ya goti, na kanisa zima likaliombea.

"Goti lilipona mapema," alisema katekista Audax, akafurahi kwa dhati kabisa.

Elick akahamishia video kwenye flashi. Mambo yakawa yaleyale, ila safari hii udongo ulianza kumwagika kutoka kwenye kioo hadi sakafuni. Clotilda akaleta fagio.

Domisiana alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka. Kipande kile cha shamba kilichomezwa na miti ndicho kilichokuwa kinamlisha yeye na wajukuu wake. Alichobakiwa nacho ni mawe matupu. Alikuwa amelalamika tangu masika, akaambiwa hana ushahidi. Akamgeukia mzee Bukuru. Siku mpaka wa awali ulipopandwa, Bukuru ndiye aliyeitwa kunywa pombe ya mpaka, na kwa desturi aliyeinywa ndiye anayejua kila mti ulisimama wapi.

"Mzee Bukuru, shikamoo. Si unaona?"

"Marahaba, mwanangu. Naona." Bukuru alitazama kikombe chake, ambacho Clotilda alikuwa amekijaza tena. "Ila hizi televisheni zinakuza vitu. Shamba linaonekana kubwa kuliko lilivyo."

Wote wakakubali kwamba televisheni zinakuza. Jamani, watu wazima na ndevu zao! Mmoja akaomba sauti iongezwe.

Domisiana alitoka mkekani. Alipiga magoti mbele ya televisheni, akabandua nailoni, akaingiza mikono kwenye kioo mpaka viwikoni, akaanza kuchuma maharage yake kabla miti haijayafikia.

Hapo ndipo watu waliposhtuka.

"Nailoni!" alifoka mwenyekiti. "Wewe mama, umeitoa nailoni ya watu!"

Baraza likakaa palepale sebuleni. Domisiana akaonekana ana hatia ya kubandua nailoni bila ruhusa ya mwenye nyumba. Aliomba radhi akiwa na maharage kwenye kitenge, na sauti ikimtetemeka kwa hasira, lakini katekista alisema hiyo ni toba.

Harusi ya Nice hakuna aliyeiona mpaka leo. Kila Jumapili watu hujaa kwa mwenyekiti kutazama miti inavyong'olewa, na wamezoea kiasi kwamba watoto hupiga makofi mti wa kwanza ukitoka. Domisiana huruhusiwa kuchuma mpaka miti itakapofika. Kwa kuwa maharage yanatoka kwenye televisheni ya mwenyekiti, nusu hubaki kwa Clotilda.

Miti yenyewe, kule shambani, imeshika vizuri na inachipua. Domisiana akimaliza kuchuma husema asante, na mwenyekiti humjibu asijali, majirani ni kusaidiana.