Uzi wa Kishikio Chekundu

Dilmaya aliukata ule uzi mbele ya watu, na wala hakupepesa macho. Mama yake alikuwa bado ameshika sahani ya shaba yenye maua na unga mwekundu, midomo ikinong'ona dua, mkasi ukapita chini ya pua yake na uzi ukaanguka mkekani.

"Dilmaya!"

"Mama, nimesema mara ngapi?"

Ilikuwa siku ya tisa ya sikukuu ya Dashaini, siku ambayo watu wa mji wa Pokhara hukibariki kila kinachowalisha. Mabasi yalikuwa yamevikwa maua, maseremala wamezipaka randa zao unga mwekundu, na hata mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa na shada. Katika banda la warushaji wa mabawa ya kitambaa, kando ya ziwa, viti vya kurukia vilipangwa mkekani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Bi Jasmati, mama yake Dilmaya, alikuja kuvibariki kila mwaka tangu mwanawe wa kiume, Hasta, alipoanza kuruka. Na kila mwaka uzi wake mwekundu wa baraka aliutaka uwe palepale pasipotakiwa kufungwa kitu: kwenye kishikio cha parachuti ya akiba, ukikiunganisha na kiti.

Mrushaji hukaa kwenye kiti, bawa la kitambaa likambeba juu. Ubavuni mwa kiti, mkono wa kulia, hulala parachuti ndogo iliyokunjwa, ikisubiri siku bawa litakapogeuka tambara. Kishikio chekundu ndicho kinachoitoa. Parachuti zote za banda lile zilikunjwa na Dilmaya, na yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuzitupa. Aliwaning'iniza mmoja mmoja kwenye boriti ya banda, akawazungusha mpaka wakashikwa na kizunguzungu, halafu akawapigia ukelele: "Tupa!" Aliyechelewa aliambiwa, "Umeshakufa. Shuka, mpishe mwenzako." Mtu akiharibikiwa juu sana, alisema, ana nafasi ya kuwaza, kulia na kumwita mama yake. Akiharibikiwa chini ana pumzi moja tu, na hiyo ni ya kuvuta na kutupa.

"Ni fundo moja tu," alisema Bi Jasmati. "Tena limelegea. Mtoto mchanga akilipulizia linafunguka."

"Funga kwenye mkanda, funga kwenye mkoba, mfunge mbuzi shingoni ukitaka. Hapa hapana. Hata fundo moja."

"Dada na miungu nayo unaikagua?" aliuliza Narjit, mrushaji mwenzao, jitu la miraba minne lisilojua kunyamaza. "Ilete basi, tuining'inize kwenye boriti tuone kama itawahi."

Watu wakaangua kicheko. Hasta naye alicheka, kisha alipouona uso wa mama yake akaacha. Bi Jasmati aliinama akauokota ule uzi uliokatwa, akaukunja ndani ya ncha ya shali yake. Machozi yalikuwa yamemlenga. Dilmaya aliyaona, akajitia hamnazo. Alichukua bendera ya upepo akatoka kwenda kuisimika kwenye uwanja wa kutua, hasira ikimtembeza mbio.

Siku ile Hasta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka, kupima hali ya hewa kabla ya wageni kuanza kubebwa. Gari lilimpandisha kilima cha Sarangkot, na kabla ya mchana kupinduka Dilmaya alimwona akija juu ya ziwa, bawa lake la manjano limetulia. Ufukweni watu walikuwa wamejaa, wanakula nyama ya mbuzi na mchele wa kupondwa, watoto wanapanda pembea ya mianzi. Wakampigia Hasta makofi. Naye, kwa kuwa makofi kwake ni pombe, akashuka chini zaidi ili wamwone vizuri.

"Tua, mjinga wewe," alisema Dilmaya peke yake. "Tua tu."

Upepo wa joto uliotoka mashambani ulilipiga bawa upande mmoja. Nusu yake ikajikunja, Hasta akaanza kuzunguka, na kila mzunguko ulimshusha. Makofi yakakatika. Alikuwa juu kidogo tu ya vilele vya miti.

"Tupa!" Dilmaya alipiga ukelele.

Akauona mkono wa mdogo wake ukishuka ubavuni, moja kwa moja, bila kupapasa, kama alivyomfundisha, haraka kuliko mwanafunzi wake yeyote. Akamwona akivuta. Hakikutoka kitu. Mkono ulirudi mtupu, na kwa muda ule Dilmaya hakuelewa anachokiona, maana parachuti ile aliikunja mwenyewe kwa mikono yake.

"Tupa, mbwa we! Tupa!"

Hasta aliachia kila kitu, akakishika kishikio kwa mikono yote miwili na kunyonga mwili mzima. Kitambaa cheupe kikachomoka, kikafunguka kwa kishindo, na hapohapo miguu yake ikaingia kwenye mpunga.

Dilmaya alimfikia kabla ya wote, matope mpaka magotini. Alikuwa hai. Mguu mmoja ulikuwa umepinda pasipo na goti, naye alikuwa akihema kama aliyetolewa majini. Mkononi bado alikuwa amekishika kishikio chekundu, vidole vimegoma kufunguka. Dilmaya akavibandua kimoja kimoja. Kwenye kitanzi cha kishikio, kwa ndani ambako jicho halifiki upesi, ulining'inia uzi mwekundu uliokatika. Ulikuwa umefungwa mafundo matatu, yamekazwa mpaka yamekuwa mawe.

"Uliuona kabla hujaruka?"

"Dada, mguu wangu."

"Nakuuliza, uliuona?"

"Niliuona."

"Ukaruka?"

"Mama alikuwa analia. Ulishamkatia mbele ya watu. Nami nimkatie tena, siku hiyohiyo?"

Dilmaya alitamani kumvunja mguu wa pili. Hapohapo alitamani kumkumbatia, na hilo likamzidishia hasira. Akakitia kishikio mfukoni, akamfunga mguu kwa kijiti na mtandio wake, huku akimtukana kwa matusi yote aliyoyajua na mengine aliyoyatunga palepale.

Kisha watu wakafika, na mama yao katikati yao, shali imemwanguka, anakimbia bila viatu. Akamshika Hasta uso, akamshika kifua, akamwona anapumua. Akainua mikono juu.

"Uzi!" alilia. "Jamani, ni uzi wangu! Mungu wa kike ameusikia uzi wangu!"

Umati mzima ukaitikia. Mtu kaanguka kutoka mbinguni na anapumua, tena amefungwa uzi wa Dashaini asubuhi ileile. Nani atake ushahidi mwingine? Dilmaya alifungua kinywa. Akamtazama mama yake, nywele zimemtimka, machozi na makamasi ya furaha, akakifunga tena. Pale matopeni hakuwa na moyo wa kuyataja yale mafundo. Kutwa nzima akalimeza neno hilo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumi, siku ya tika, ambapo wakubwa huwabandika wadogo mchele uliochanganywa na unga mwekundu kwenye paji la uso na kuwaombea heri. Hasta alilazwa kwenye kitanda cha kamba barazani, mguu wake umetiwa plasta, paji lake jekundu tele. Dilmaya alikuwa hajaenda kupokea tika yake. Alikuwa uani, anaosha matope ya kile kiti kwa nguvu kana kwamba kiti ndicho kilichomkosea, na kila aliyepita aliona yu mbogo.

Ndipo Narjit alipoingia langoni, kiti chake begani. Nyuma yake wakaingia warushaji wengine, kila mmoja na kiti chake, wakajipanga mbele ya Bi Jasmati kama watoto wa chanjo.

"Mama," alisema Narjit, na safari hii hakuwa na utani, "kesho tunabeba wageni. Tufungie na sisi. Palepale ulipomfungia Hasta."

Bi Jasmati alikuwa tayari ameshika kitita cha uzi. Alikuwa amenawiri, miaka mingi hakuna aliyemsikiliza hivyo. Kiti cha Narjit kilikuwa kimeshafungwa, na cha pili, na alikuwa ameinamia cha tatu Dilmaya alipoitupa brashi.

"Acha, mama."

"Umeanza tena."

"Huo uzi haukumwokoa mtu. Huo uzi nusura umuue!"

"Dada, tuwe wakweli," alisema Narjit. "Aliyefungwa uzi kaanguka na amepona. Mimi nakuheshimu, lakini jana sikukuona wewe hewani ukimdaka."

Wengine wakaguna kukubali. Hapo Dilmaya akapandwa na mori. Alikishika kile kiti kinachochuruzika maji, akakitundika kwenye boriti ya baraza, akaitia parachuti nyingine ubavuni mwake na kukirudisha kishikio mahali pake. Akamnyang'anya mama yake uzi, akaufunga. Alifunga mafundo matatu, akayakaza kwa meno.

"Kaa, mama."

"Nikae wapi?"

"Hapa anapokaa mwanao. Kaa!"

Labda Bi Jasmati alikubali ili kumnyamazisha, labda alitaka kuonyesha kwamba haogopi. Alipanda na nguo zake mpya za sikukuu, Dilmaya akamfunga mikanda ya mapaja na ya kifua, miguu ikawa inaning'inia, vidole havigusi sakafu. Akamwekea mkono wa kulia juu ya kishikio. Kisha akakizungusha kiti. Akakizungusha tena, kwa nguvu, mpaka mboni za mama yake zikaanza kukimbia.

"Unaanguka, mama! Chini kuna mpunga! Tupa!"

Bi Jasmati alivuta. Kishikio hakikutoka.

"Tupa!"

Akavuta tena, kwa meno yaliyouma mdomo. Shali ikamwanguka. Akavuta kwa mikono miwili, kiti kikayumba, boriti ikalia.

"Tupa! Tupa! Umeshafika chini, mama. Umeshakufa!"

"Dada, inatosha!" Hasta alifoka kutoka kitandani. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, uso umempauka.

Kiti kilizunguka polepole upande wa pili, kikijifungua, kikamleta Bi Jasmati uso kwa uso na warushaji, kikampitisha, kikamrudisha. Bado alikuwa amekishika kishikio. Alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

"Hasta alivuta mara ngapi?" aliuliza.

Swali hili ndilo Dilmaya alilolitaka tangu jana. Sasa limekuja, na hasira yote aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili yake alijikuta hana pa kuitia.

"Mara moja tu, mama," alisema Hasta upesi. "Ilitoka hapohapo."

"Sikukuuliza wewe. Dilmaya. Mara ngapi?"

"Mbili."

Bi Jasmati akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayekubali bei aliyotajiwa sokoni.

"Narjit," alisema, "chukua mkasi. Usikate uzi huu wangu. Anza na wa kwako, kisha wa mwenzako pale. Nimefunga kwa ndani, tafuta vizuri."

Narjit alitii. Mkasi ulisikika mara mbili.

"Asubuhi ile nilifunga fundo moja," Bi Jasmati aliendelea, sauti yake ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza alivyopika. "Kila mwaka ni moja, tena legelege, mtu akivuta linafunguka. Si nilikwambia? Ulipolikata mbele ya watu, nikasema sasa nitatia matatu. Nitayakaza. Nione kama mkasi wake hautachoka."

Dilmaya alisimama vilevile alivyokuwa. Maji ya kiti yalidondoka kwenye miguu yake. Alitafuta la kusema, na yote yaliyomjia yalikuwa ya kweli: kwamba hata moja ni kosa, kwamba Hasta alishuka chini mno, kwamba sheria ya banda ni sheria. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililosemeka.

"Nishushe," alisema mama yake. "Damu imejaa miguuni."

Dilmaya akapiga magoti kufungua mikanda ya mapaja. Vifungo vile alivijua gizani, alivifungua huku akiongea na simu, huku akila. Sasa kifungo kilimponyoka, akakishika, kikamponyoka tena. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele ya mama yake, paji halina tika.

"Polepole, mwanangu," alisema Bi Jasmati. "Sasa hakuna anayeanguka."