Rangi ya Ndani

Kaka yake alipofariki, Mshonaji alikuta pengo kwenye kabati la modeli, vindege vidogo vya plastiki alivyoviunda marehemu: ndege ya kivita ya kuruka kutoka melini, ile yenye mbawa za kukunja, haikuwepo. Aliyewahi kuingia chumba kile ni Mwenyekiti wa chama cha waunda modeli peke yake, siku alipokuja kutoa pole.

Kwenye maonyesho ya chama aliiona tena, mezani kwa Mwenyekiti, imevishwa utepe wa mshindi. Hakupiga kelele. Aliimeza hasira, akasogea akitabasamu.

"Hongera, Mwenyekiti. Umeiunda mwenyewe?"

"Kila kipande, dada yangu. Macho nusura yapofuke."

"Na ndani, kabla hujaufunga mwili wake, ulipaka rangi gani?"

"Kijani, kama zote," akajibu, na wenzake wakaafiki kwa vichwa.

Mshonaji aliichukua ndege kwa mikono miwili. Ilikuwa kazi ya mwisho ya kaka yake, na hilo alilijua vizuri. Akaivunja katikati.

Ndani kulikuwa kwekundu.

"Kijani kilimwishia kaka yangu," aliwaambia waliomzunguka, "akaniomba rangi yangu ya kucha. Nikamcheka sana."

Katibu wa chama akauvua utepe kwenye vipande vile bila kumtazama Mwenyekiti.

Mshonaji alikusanya vipande mkobani, akatoka. Ndege ilimuuma moyo mpaka akalia barabarani. Mwenyekiti hakumuuma hata chembe.