Baba Saerom Anunua Hotuba

Mume wangu si bubu. Ni fundi wa boila, zile mashine za kupasha moto sakafu za nyumba zetu huku, na akigombana na boila iliyogoma, mtaa wa pili wanamsikia. Ila mbele ya binadamu, hasa binadamu aliyemzaa mwenyewe, ulimi unamganda. Binti yetu Saerom anafanya kazi Incheon, sisi tuko hapa Cheongju, na msimu mzima wa baridi baba yake humpigia simu kumuuliza jambo moja tu: sakafu imepata moto? Akiambiwa imepata, anakata. Ukimuuliza kama mtoto hajambo, anakujibu, "Sakafu yake ina moto," na kwake hiyo ni habari kamili.

Ndiyo maana nilicheka Saerom alipotuambia kuwa kwenye harusi yake hataki profesa wa kusimama mbele na kuwahutubia maharusi, kama ilivyokuwa desturi. Vijana wa siku hizi wanataka baba zao. Baba wa bwana harusi aseme kidogo, baba wa bibi harusi aseme kidogo, watu waende kula.

"Baba yupi?" nikamuuliza. "Huyu wangu?"

"Huyo huyo. Mama, sijawahi kumsikia akisema neno kunihusu. Hata nilipomleta Jihwan nyumbani, alimuuliza tu kwao wanatumia gesi gani. Sijui kama amefurahi naolewa au amechukia. Nataka nimsikie mara moja tu, basi."

Hakuyasema kwa utani. Niliyafikisha kwa baba yake kama yalivyo, naye akaweka kijiko chini, supu hakuimaliza.

Alijaribu kuandika mwenyewe. Alivaa miwani, akachonga penseli, akanifukuza sebuleni. Baada ya siku kadhaa za kukunja uso akaniletea karatasi: "Hamjambo. Ahsanteni kwa kuja. Kuleni mshibe."

"Hii ni hotuba au tangazo la hoteli?"

"Ina kosa gani?"

"Mtoto yuko wapi humo?"

Akaigeuza karatasi, akaitazama na nyuma. "Si yeye ndiye anayeolewa? Watamwona."

Kilichomtisha zaidi ni mkwe wetu, Bwana Cheon, baba yake Jihwan. Ni mfamasia, anaongea kama msoma taarifa ya habari. "Yule ndiye atakayetangulia," mume wangu akasema. "Halafu nisimame mimi nimwaibishe mtoto? Bora nimlipe mtu. Yuko Bwana Tak, pale juu ya duka la mandu, vile viandazi vya nyama, nilimtengenezea boila. Anaandika hotuba za harusi, za wazee wanaotimiza sabini, mpaka za wagombea wa uenyekiti wa soko."

Hapo nilipandwa na hasira. "Miaka yote hii nangoja ufungue mdomo, leo unataka kumkodi mwanamume mwingine aseme kwa niaba yako! Si ungemkodi na siku ya kuniposa!"

"Siku ile alisema mjomba," akajibu. Na kweli, alisema mjomba wake.

Nilifuatana naye kwa Bwana Tak kwa nia moja, kumzuia. Bwana Tak, mtu laini mwenye sauti ya kubembeleza, akamuuliza, "Binti yako yukoje?"

"Mzima."

"Tabia yake?"

"Nzuri."

"Nipe basi kumbukumbu moja ya utotoni mwake."

Mume wangu akafikiri mpaka chai ikapoa. "Alikuwa mdogo," akasema.

Bwana Tak hakushtuka hata kidogo. Akafungua droo, akatoa karatasi, akaandika jina la Saerom mahali fulani, akasimama kutusomea: "Mwanangu, wewe ni mwezi uliotua kwenye dirisha letu. Leo nauazimisha kwa dirisha jingine, lakini mbingu ni ile ile..." Mimi niliyekwenda kumzuia nililia mpaka nikapewa kitambaa.

"Lipa," nikamwambia mume wangu.

"Ila dirisha letu linatazama ukuta wa gereji," akaninong'oneza.

"Lipa!"

Akaikariri huku amelala chali chini ya boila za watu, mpaka wateja wakaanza kumhofia.

Ukumbi tulioukodi ni kati ya hizi kumbi za kupokezana: harusi ya saa tano inatoka, yetu ya saa sita inaingia. Chumba cha chakula ni kimoja kwa wote, kina televisheni zinazoonyesha yanayoendelea juu ukumbini. Wageni wengi wakishatoa bahasha yao ya pesa mlangoni hushuka moja kwa moja kula, na harusi wanaitazamia huko huko huku wakitafuna. Bingwa wa mchezo huo ni wifi yangu Malsun. Siku ile aliwahi mapema, akawa ameshuka na nusu ya ukoo kabla zamu yetu haijafika.

Tulikuwa tumesimama mlangoni, mume wangu na glavu zake nyeupe za sherehe, midomo ikimchezacheza kwa kukariri, Malsun alipopanda ngazi macho mekundu na mchuzi wa mbavu kidevuni.

"Manseok, kaka yangu, umekosa! Baba wa bibi harusi wa saa tano, jamani! Eti mwanawe ni mwezi uliotua dirishani kwao! Eti anauazimisha kwa dirisha jingine! Ukoo mzima tumelia juu ya tambi!"

"Akasema na mbingu ni ile ile?" mume wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe umejuaje?"

Akanishika mkono. "Mama Saerom, twende nyumbani."

"Na bibi harusi tumbebe?"

"Nitasema nini mimi?"

"Sijui! Ila huyo Tak wako nitamchemsha!"

Muziki ukaanza, tukaingia. Bwana Cheon akasema yake, maneno yakateleza vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha ikawa zamu yetu. Mume wangu akasimama mbele ya kipaza sauti. Nusu ya ukoo ilikuwa imepanda na vijiti vya kuchokolea meno, inangoja. Saerom alikuwa akimtazama bila kupepesa. Niliogopa kwa ajili yao wote wawili.

"Hamjambo," akasema. "Ahsanteni kwa kuja."

Nikafumba macho, maana sentensi ya tatu niliijua. Haikuja.

"Saerom."

"Abee, Baba."

"Nyumba mliyopanga. Sakafu imepata moto?"

Watu wakaangua kicheko. Saerom hakucheka. "Chumbani imepata. Jikoni bado."

"Bado?" Akasahau ukumbi, akasahau glavu, akamgeukia bwana harusi. "Jihwan. Ikipoa usiite fundi. Usimwite mtu yeyote, nipigie mimi. Hata iwe saa ngapi, nitakuja. Huyu akilalia baridi anakohoa. Alipokuwa mdogo nilikuwa naamka kushika sakafu chini ya godoro lake. Mpaka leo naamka. Nashika, halafu nakumbuka yuko Incheon."

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nimefurahi unaolewa," akamwambia mtoto. Halafu akatugeukia sisi. "Kuleni mshibe."

Saerom alilia mpaka poda ikamchirizika, na mshereheshaji akawa anatupungia tuharakishe, kwa sababu harusi ya saa saba ilikuwa mlangoni.

Kwenye chakula Bwana Cheon alimsogelea mume wangu na sahani yake, akamwinamia sikioni. "Mkwe, niambie ukweli. Nani kakuandikia?"

"Hata hivyo," akasema Malsun, aliyekuwa anakula mara ya pili, "ya saa tano ilikuwa na mwezi."

Tulirudi na gari la kazi la mume wangu, mabomba yakigongana nyuma. Njiani akanyoosha mkono, kama anavyofanya kila tukipanda gari hili tangu tuoane, akageuza tundu la hewa ya moto lielekee upande wangu.

"Miguu imepata moto?" akauliza.

"Tazama barabara," nikamwambia, nikageukia dirishani asinione.